Duka la vitu vya asili Ngamiani: dodoki nimelipenda, mfuko nimeurudisha

Jina la duka silitaji, maana nina sifa na lawama, na kijana mwenyewe anatafuta riziki. Lipo hapa Tanga mjini, Ngamiani, chumba kimoja chenye feni inayolalamika, na juu ya kaunta wamebandika bango: bidhaa rafiki wa mazingira. Binti yangu ndiye aliyenionyesha. Anafuata kurasa za Instagram za watu wa Dar wanaotembea na vikombe vyao vya chai mkobani, na kila nikishika simu nakuta kanitumia video nyingine. Ilipotokea ya Tanga nikasema haya, hii naweza kwenda kwa miguu.

Mimi ni mama lishe. Napika wali, samaki na maharage ya nazi, kwa hiyo ukiniambia kitu ni kizuri kwa dunia, nitakuuliza kwanza kama kinatoa ukoko.

Dodoki la katani, yaani nyuzi za mkonge, linatoa. Ni duara ya kamba nyembamba zilizofumwa, saizi ya kiganja, lina kitanzi cha kutundikia, bei shilingi 2,000. Likiwa jipya ni gumu hadi linakwaruza vidole. Liloweke usiku kucha kabla ya kuanza kulitumia, jambo ambalo muuzaji hakunitajia. Likishalegea unalibana mkononi, nyuzi zinaingia hadi kwenye ile kona ya chini ya sufuria ambako wali hupenda kujificha, na ukoko unang'oka vipande vikubwa. Stilwaya ya 500 inawahi kushika kutu, halafu inaacha vinyuzi vya chuma. Mteja akikuta kinyuzi cha chuma kwenye wali wako, umempoteza yeye na ofisi yao nzima. Dodoki likikatika linaacha uzi mweupe unaoonekana, unautoa, mambo yanaendelea. Kwenye kikaango cha binti yangu, kile kisichogandisha, silipeleki. Nataka tuendelee kuelewana.

Sharti lake moja: usilisahau kwenye beseni. Kamua, tundika juani. Likilala majini linaoza, na katani ikioza harufu yake aliyekulia karibu na korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, hahitaji kuelezwa. Baba yangu alifanya kazi korona, shamba moja upande wa Muheza. Pale jani la mkonge linaingia mashineni likiwa zito na limejaa maji, na katani inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki ni makapi ya kijani na maji yanayowasha ngozi. Kule Hale walijenga mtambo wa kuyageuza makapi hayo kuwa gesi ya kufulia umeme, na nadhani hilo lilistahili video kuliko vikombe vya chai.

Naona vijana wanaisifia katani kana kwamba imegunduliwa jana. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapona 62. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000, na Tanga ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Halafu wakulima wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakifungia nyasi zao kavu kwa kamba zetu, wakahamia kamba za plastiki za bei rahisi. Bei ikaanguka, mashamba yakaota vichaka, na nyumbani kwetu tukaanza kusikia neno kupunguzwa.

Ndiyo maana ule mfuko ulinikera zaidi ya thamani yake. Wameupanga hapohapo kaunta, kitambaa chepesi cha rangi, umepigwa chapa ya jani la kijani, 1,500. Tangu plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya aina hii imejaa kila nyumba, na sheria imeiruhusu, sina ugomvi na sheria. Ila kijana aliniambia, “Mama, huu si plastiki kabisa.” Nyumbani nikakata pembe ya mfuko nikaigusisha kwenye mkaa. Ikajikunja, ikayeyuka, ikadondosha tone lililoganda gumu kama kokoto. Nikaweka na uzi wa dodoki pembeni yake: ukawaka, ukawa majivu. Kitambaa kile ni polipropilini, aina ya plastiki, ile ile iliyozifukuza kamba za katani sokoni.

Nikarudi nao. “Shikamoo mama.” Marahaba mwanangu, nikamwambia, uza mfuko wako, lakini hili jani lifute. Akacheka, “Mama, jani linakuja nalo kutoka kiwandani.” Hela yangu alinirudishia bila maneno, na mfuko ulikuwa hauna pembe moja. Hapo nampa haki yake.

Kikapu cha ukili wa milala, 18,000. Kimesukwa vizuri, mishono imebana, mishikio ya katani haikati bega hata ukijaza nazi. Rangi ya zambarau inachuja, usikiweke karibu na samaki mbichi wala nguo nyeupe. Nikauliza kimesukwa na nani. Akina mama wa kijijini. Kijiji gani? Hajui. Wanalipwa ngapi kwa kikapu? Hilo ndilo hajui kabisa. Pale Soko la Mgandini yupo bibi anayesuka mwenyewe mbele yako, kikapu cha ukubwa ule ule nimechukua kwake kwa 10,000, na hela nimeiona inaingia kwenye kanga yake. Kama bango linajisifia wema, mtu wa kwanza kutajwa awe msukaji.

Upawa wa kifuu cha nazi wanauza 6,000. Mimi vifuu nawashia moto. Tupite.

Sabuni ya mwani ndiyo iliyonishangaza. Kipande ni 3,500, na karatasi yake ina jina la kikundi na kijiji chao, upande wa Mkinga, kwa hiyo kumbe inawezekana. Imepikwa kwa mafuta ya nazi, na sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, jambo kubwa kwa sisi tunaooga maji ya kisima. Mwani wenyewe una chembechembe zinazokwangua ngozi kidogo, mikono iliyoshinda kwenye vitunguu inatoka haina harufu. Iweke kwenye kibao chenye matundu, la sivyo asubuhi utakuta uji.

Ijumaa wanafunga mchana hadi baada ya swala. Chenji hawana kamwe, lipa kwa simu. Dodoki dogo lipo muda wote, lile la mpini mrefu la masufuria ya shughuli ni la kuagiza na wanataka nusu ya hela mbele. Nimeagiza mawili.