Usiku wa nyota barabara ya Namanga: nendeni, ila msikubali kuondoka mapema

Elfu arobaini na tano kwa kichwa, chakula humo humo. Kambi iko mbele kidogo ya Oldonyo Sambu, ambako Mlima Meru unakukinga na taa za Arusha mjini, na giza lake ni giza kweli. Mtori ulikuja wa moto. Shuka za kujifunika ni nyepesi mno kwa upepo wa kule, bebeni jaketi.

Wanaanza saa moja unusu na skrini kubwa: roketi ya Falcon 9 ikirushwa mubashara kutoka Cape Canaveral, Florida, ambako bado ni asubuhi. Mtandao ulikwamakwama, lakini ile sehemu ya chini ya roketi iliporudi na kutua wima kwenye jukwaa linaloelea baharini, dakika kama nane tu baada ya kuruka, hema zima lilipiga makofi.

Tukatoka nje kwenye darubini. Mama mmoja akauliza, "Kaka, mbona hizo nyota zinaandamana?" Ni satelaiti za Starlink, zile za intaneti, aina ile ile ya mzigo uliobebwa na roketi tuliyotoka kuishangilia! Zinaruka mamia ya kilomita juu, kwa hiyo jua likishazama kwetu, kule bado linazimulika. Jirani yangu aliacha kamera wazi sekunde thelathini akilenga Kilimia. Picha ikatoka imechanwa mistari miwili. Kwake ni hasara ndogo. Kwa darubini ya Rubin kule Chile, inayopiga kipande kipana cha anga kwa mkupuo, ni kero ya kazi.

Kijana anayeongoza anajua kazi yake, wala hakuzilaani satelaiti zote. Alitukumbusha satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, kupima eksirei za angani ambazo hewa yetu huzizuia zisifike chini. Hapo nilimpa maksi zote.

Ninachowalaumu ni ratiba. Huku karibu na ikweta jua huzama karibu wima, hivyo ikifika saa tatu satelaiti nyingi za chini zimeshaingia kwenye kivuli cha dunia. Ulaya ya kaskazini, kiangazi, zinaweza kuonekana usiku kucha. Sasa sisi anga ndiyo kwanza linatulia, Nebula ya Orion, lile wingu la gesi kati ya nyota, imekaa vizuri, wao wanafunga darubini! Eti wageni wana safari ya Serengeti alfajiri.

Nyota nne kati ya tano. Mkipiga simu, chagueni wiki isiyo na mwezi na muombe kukaa hadi saa tano. Kundi la watu sita wanalikubalia bila kuongeza hela.