Uzoefu wangu wa kusoma alama za epijenetiki kwenye molekuli moja moja ya DNA

Asilimia 50. Ukiikuta nambari hiyo kwenye jedwali la methilesheni, yaani vikundi vya methili vinavyobandikwa kwenye DNA kama alama bila kubadilisha herufi zake, inaweza kubeba habari mbili zisizohusiana. Huenda nusu ya molekuli zina alama kuanzia mwanzo hadi mwisho na nusu nyingine hazina hata moja, jambo linalotokea pale nakala ya jeni iliyotoka kwa mzazi mmoja inapozimwa na ya mzazi wa pili ikaendelea kufanya kazi. Au huenda kila molekuli ina alama zilizotapakaa bila mpangilio, hapa ipo, pale haipo, hali inayoonekana mara nyingi kwenye seli za saratani. Wastani ni uleule, lakini kinachoendelea ndani ya seli ni tofauti kabisa.

Nambari hiyo ndiyo iliyonihamisha kutoka njia ya kemikali ya bisulfiti kwenda mashine inayosoma DNA kupitia vitundu vya nano. Nimeitumia zaidi kwenye sampuli za binadamu, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya wenzangu wa maabara wanaojiuliza kama inafaa kuhama.

Bisulfiti siidharau. Tangu mbinu hiyo ilipochapishwa mwaka 1992 imetufundisha mengi tunayoyajua kuhusu methilesheni. Hugeuza sitosini (herufi C ya DNA) zisizo na methili kuwa urasili, ambazo husomeka kama timini (T), na zile zenye methili hubaki zilivyo. Tatizo ni kwamba kemikali yenyewe inaikatakata DNA. Unabaki na vipande vifupi ambavyo C nyingi zimekuwa T, na kuvirudisha mahali pake kwenye jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, ni kazi ngumu, hasa kwenye maeneo yanayojirudia. Isitoshe, haitofautishi methili na haidroksimethili, alama inayotokana na methili iliyoongezewa oksijeni: zote mbili zinatoka zikiwa C.

Kwenye mashine hii DNA inaingia jinsi ilivyotoka kwenye seli, bila kugeuzwa na bila kuzidishwa kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi. Uzi mmoja unavutwa kupitia kitundu cha protini kilichopachikwa kwenye utando, huku mkondo wa umeme ukipita humohumo. Kimeng'enya kinaudhibiti uzi usipite mbio, kwa kasi ya takriban besi (herufi za DNA) 400 kwa sekunde. Kila kikundi cha besi kinauzuia mkondo kwa namna yake, na kikundi cha methili, ambacho ni kaboni moja na haidrojeni tatu tu, kinatosha kuusogeza kidogo. Programu iliyofunzwa kwa mifano inautambua msogeo huo. Kwa hiyo herufi na alama zinasomwa kwa mkupuo mmoja, kwenye molekuli ileile.

Hapo ndipo raha yangu ilipo. Nilipofungua eneo linalodhibiti jeni za H19 na IGF2 kwenye kromosomu ya 11, nikazitenganisha molekuli kwa kutumia tofauti za herufi za wazazi, zilijigawa mafungu mawili: fungu moja limejaa alama, la pili jeupe. Nakala ya baba ndiyo yenye methili pale, na ya mama haina. Hilo lilijulikana zamani, wala sikugundua kitu. Lakini kuliona kwenye molekuli zenyewe, kila mstari ukiwa DNA ya seli moja iliyokuwa hai, bila wastani kuingilia kati, kulinibadilishia maswali ninayouliza. Sasa siulizi eneo lina methilesheni kiasi gani. Nauliza molekuli zimegawanyika vipi, na alama hii inaambatana na alama ipi iliyo mbali nayo kwa maelfu ya besi.

Mfano unaonivutia zaidi ni jeni ya FMR1. Marudio ya herufi CGG ndani yake yakizidi 200, kwa kawaida eneo la kuwashia jeni hupata methili na jeni huzimwa, na hapo ndipo ugonjwa wa X dhaifu (fragile X), ulemavu wa akili wa kurithi, unapoanzia. Kwa njia za zamani unapima urefu wa marudio kivyake na methilesheni kivyake, kisha unajaribu kuoanisha majibu. Hapa molekuli moja inakupa vyote viwili. Na si lazima usome jenomu nzima: programu inaweza kutazama mamia machache ya besi za mwanzo, ikiona kipande si cha eneo unalolitaka inageuza mwelekeo wa umeme na kukitema, kitundu kikabaki huru kwa kipande kingine. Kwa kuwa hakuna PCR, alama zinabaki salama. Sijaona mbinu nyingine ya maabara iliyonifurahisha kama hiyo.

Sasa yale yanayochosha. DNA lazima iwe ndefu na safi, na nyingi kiasi. Kwa sampuli ya kawaida naandaa takriban mikrogramu moja. Ukiitikisa kwa nguvu au ukaipitisha kwenye ncha nyembamba ya pipeti mara nyingi, umeshaikata. Kiputo kimoja cha hewa kikiingia kwenye chipu, kibao kinachobeba vitundu, wakati wa kupakia sampuli, vitundu vinakufa na havifufuki. Chipu hazilingani pia: nimepokea ambayo vitundu vyake hai vilikuwa vichache tangu siku ya kwanza, na aliyeniuzia alichelewa sana kuibadilisha. Pima chipu mara tu inapofika, usisubiri siku ya kazi.

Kompyuta nayo ni mzigo ambao watu hawauhesabu. Jenomu moja ya binadamu ikisomwa kwa kina cha kutosha, mawimbi ghafi yanajaza mamia ya gigabaiti, na modeli sahihi zaidi ya kuyatafsiri haiendi bila kadi nzuri ya GPU, inayofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Maabara yenye mashine lakini isiyo na kadi hiyo itabaki na foleni ya faili.

Kuna jambo moja ninaloliona kuwa zito kuliko gharama zote hizo. Programu haikwambii kwamba alama ipo au haipo. Kwa kila sitosini inakupa uwezekano, unaohifadhiwa kwenye faili kama nambari kati ya 0 na 255. Kwa methili ya kawaida kwenye jozi za CG (C inayofuatwa na G), ambako kwa binadamu asilimia 70 hadi 80 ya maeneo yana alama, majibu ni mazuri sana. Kwa alama adimu, tahadhari. Ikiwa alama iko kwenye besi moja kati ya elfu, na programu inakosea hata mara moja kati ya mia, basi sehemu kubwa ya alama utakazoziona hazipo. Haidroksimethili kwenye ubongo naiamini, kwa sababu huko iko kwa wingi. Kwenye damu naitilia shaka hadi nione ushahidi mwingine. Methili ya adenini (herufi A) kwenye bakteria iko wazi kabisa, lakini anayeitangaza kwenye DNA ya binadamu kwa mashine hii peke yake sikubaliani naye.

Kwa sababu hiyo kila kundi la sampuli nalisindikiza na DNA mbili za kupimia: moja iliyozidishwa kwa PCR, ambayo haina alama yoyote, na nyingine iliyotiwa methili kwenye CG zote kwa kimeng'enya cha M.SssI. Zikitoka vibaya, sisomi matokeo mengine.

Nani asihame? Mwenye DNA kutoka tishu zilizohifadhiwa kwenye nta ya parafini, kwa sababu imekwisha kukatika na faida ya urefu haipo. Pia mwenye mamia ya sampuli na swali la wastani tu. Chipu za aina nyingine, zinazopima methilesheni kwenye maeneo zaidi ya 850,000 bila kusoma DNA nzima, zitamtosha kwa bei nafuu. Mwenye swali la mzazi yupi, marudio mangapi, au alama zipi zinasafiri pamoja, aje huku, na asifute mawimbi ghafi hata diski ikilalamika. Modeli za kutafsiri zinaboreshwa kila mara, na data zangu za zamani nilizozitafsiri upya zimenipa alama safi kuliko zilipotoka kwenye mashine.