Titebond III kwenye kibao cha kukatia cha msaji: unalipia muda, si maji

Habari zenu watazamaji, karibuni karakana. Leo mezani kuna chupa moja tu ya kuchambua: Titebond III, gundi ya mbao yenye lebo ya kijani, inayotengenezwa na Franklin International ya Ohio, Marekani. Tunaipima kwa kazi moja, kibao cha kukatia cha jikoni. Mapande ni saba, ya msaji, wengine mnauita mtiki. Kila pande lina urefu wa sentimita 42, upana 4, unene 3.5. Yakiungana ubavu kwa ubavu mnapata upana wa sentimita 28 na viungo sita.

Wengi wanainunua kwa sababu chupa imeandikwa kwamba haipitishi maji. Kipimo hicho ni cha kweli. Iko Daraja la I la ANSI/HPVA, kiwango cha Marekani cha kupima gundi kwa maji: kiungo kinachemshwa saa 4, kinakaushwa saa 20, kinachemshwa tena saa 4, halafu kinajaribiwa kikiwa bado kimelowa. Titebond II, ile ya lebo ya buluu, iko Daraja la II, ambalo ni kuloweka na kukausha bila kuchemsha. Sasa niambieni, nani anachemsha kibao cha jikoni? Kinaoshwa, kinafutwa, kinasimamishwa kikauke. Kwa maji ya namna hiyo Titebond II inatosha kabisa. Hata gundi nyeupe ya kopo yenye alama ya D3 au D4, yaani madaraja ya Ulaya ya kustahimili maji, ina uwezo, ila someni kopo lenyewe linasema nini kuhusu chakula. Titebond II na III zote zimeruhusiwa kugusana na chakula kwa njia isiyo ya moja kwa moja zikishakauka. Kopo lisilo na alama yoyote liacheni lifanye kabati.

Basi kwa nini mtoe pesa zaidi? Kwa ajili ya muda. Ukishapaka Titebond III una kama dakika 10 kabla haijaanza kuota utando. Titebond II inakupa kama 5. Namba hizo ni za karakana yenye joto la nyuzi 21. Dar es Salaam au Mombasa mchana, kwenye nyuzi 32, muda unapungua sana, na feni ikiwa inapuliza unapungua zaidi. Viungo sita ni nyuso nyingi za kupaka. Kwa gundi ya haraka, ukifika pande la sita la kwanza limeshaota utando. Mkibana, utando haushiki. Kiungo kitaonekana kizima siku hiyo, kisha kitafunguka kikikutana na maji. Zimeni feni, pangeni klempu, yaani vibano, kabla ya kufungua chupa, na pakeni kwa rola ndogo au brashi ngumu, si kwa kidole.

Msaji una tabia yake. Una mafuta ya asili, na mafuta hayo yanazuia gundi kuingia kwenye nyuzi za mbao. Pigeni randa mbavu siku hiyohiyo ya kuunganisha, kisha futeni kila ubavu kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. Kitambaa kitatoka na rangi ya kahawia. Geuzeni upande safi, futeni tena. Subirini dakika moja ikauke, halafu pakeni mara moja, maana mafuta yanarudi juu. Vaeni glavu, na msiwe na moto karibu. Tena msaji una silika, unakula makali ya randa upesi. Ubavu uliopigwa na randa butu unang'aa kama umesuguliwa, na huo haunywi gundi. Noeni kwanza.

Kiasi: tabaka la milimita 0.15 kwenye viungo sita ni kama mililita 13. Wekeni 20 pamoja na ya kupotea. Chupa ya mililita 473 inatoa vibao zaidi ya ishirini, kwa hiyo ughali wake ukigawanywa si wa kutisha.

Hapa kwenye kubana ndipo wengi wanaharibu. Mbao ya uzito wa msaji inataka kilo 9 hadi 12 kwa kila sentimita ya mraba. Kiungo chetu kina sentimita za mraba 147, kwa hiyo ni zaidi ya kilo 1,300 kwa jumla. Klempu mbili nyepesi hazifiki huko. Tumieni nne za bomba: ya kwanza sentimita 3 kutoka mwisho, kisha kila sentimita 12, mbili chini na mbili juu kwa kupishana. Zote zikiwa upande mmoja, kibao kinapinda kama kigae. Gundi itokeze kama shanga ndogo mstari mzima. Pasipo na shanga, mbao hazijakutana au gundi haikutosha. Fungueni upesi mrekebishe.

Gundi iliyotokeza msiifute kwa kitambaa chenye maji. Inaingia kwenye vinyweleo na baadaye mafuta ya kumalizia yatakataa pale, litabaki doa. Subirini dakika 30 hadi 45 iwe kama mpira, mkwangue kwa patasi. Kisha kibao kikae saa 24 kabla ya randa au msasa.

Kasoro mbili za Titebond III. Inakauka rangi ya kahawia: kwenye msaji haionekani, kwenye mbao nyeupe inaacha mstari. Na haipendi baridi chini ya nyuzi 8. Mlioko Njombe au Limuru, usiku wa Julai mkiona mstari mweupe kama chokaa, kiungo hicho ni dhaifu. Ingizeni mbao na gundi ndani ya nyumba.

Malizieni kwa msasa namba 80, 120, 180 na 220, mkivaa barakoa, halafu parafini ya maji ya famasi. Mafuta ya alizeti yanachacha. Msipoweza kutengeneza zaidi ya vibao vitano kwa mwaka, nunueni chupa ndogo: gundi hii inadumu miezi 24 tu kwenye nyuzi 24, na ndani ya gari juani hata hiyo haifiki.