Harry Wright au Cap Anson: nani alikuwa kocha bora?

Wote wawili walicheza besiboli huku wakiongoza timu, enzi mchezo huo ulipoanza kulipa mishahara Marekani.

Wright alizaliwa Sheffield, Uingereza, akaanzia kwenye kriketi. Mwaka 1869 aliifanya Cincinnati Red Stockings kuwa timu ya kwanza kulipa wachezaji wake wote waziwazi. Yeye alipata dola 1,200. Mdogo wake George, aliyekuwa fundi zaidi uwanjani, 1,400. Kaka mtu, tena bosi, analipwa kidogo! Mwaka ule hawakufungwa. Kisha akaipa Boston mataji sita.

Anson wa Chicago alimpita mbali kwa kupiga mpira, na kama kocha alibeba mataji matano kati ya 1880 na 1886. Ila ana doa. Mwaka 1883, kule Toledo, aligoma kucheza kwa sababu ya Moses Fleetwood Walker, mchezaji Mweusi. Alipoambiwa atakosa mgawo wa viingilio, akakubali kuingia uwanjani.

Kwa kupiga mpira, nampa Anson. Timu yangu ningemkabidhi Wright.