Mkate wa kumimina, vileja na halua za Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Kwa anayetaka vitamu vya Unguja kama vinavyoliwa majumbani, mimi huagiza kwa mama mmoja anayepikia kwake Mji Mkongwe, si mbali na soko la Darajani. Hana duka wala bango. Unampigia asubuhi, alasiri unafuata.

Kinachonirudisha kwake ni mkate wa kumimina. Mchele anauroweka usiku kucha, anausaga na tui la nazi, anatia hamira, sukari na iliki, kisha anauacha uumuke kwa wakati wake. Siku hizi wengi wanazidisha hamira ili wamalize upesi, na ukiuma, ukali wa hamira unaupata kabla hujaionja nazi. Wake hauna hayo. Wa mara ya mwisho niliukata ungali moto: ndani vitundu vitupu kama sega la nyuki, juu umeiva kahawia kwa makaa ya kwenye mfuniko, chini haukushika hata kidogo. Iliki anaitwanga mwenyewe, unaziona chembe zake nyeusi. Sukari ameiweka kiasi, kwa hiyo kipande cha pili hakikinaishi. Kwa chai ya maziwa, sijapata mkate unaoupita huu.

Vileja vyake navyo ni vya kusifiwa. Unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, basi. Ukikitia mdomoni kinavunjika chenyewe. Aliyezoea nankhatai, zile biskuti za Wahindi, atautambua undugu wao mara moja, ila unga wa mchele unaviacha vyepesi zaidi. Lawama yangu iko kwenye kufungasha. Nilipewa vikiwa bado na joto, ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko, na boti ilipofika Dar vilikuwa vimelegea. Nilimweleza, akaniambia, "Mwanangu, ukiwa unasafiri nambie mapema, nitaviacha vipoe vizuri." Tangu hapo vinafika vikavu. Hata hivyo, naona angewaambia wateja wote bila kungoja waulize.

Halua hapiki yeye, anaichukua Pemba, na halifichi hilo. Napenda ukweli wake, maana halua ni kazi nyingine kabisa: sufuria kubwa, mwiko mrefu, na watu wa kupokezana kukoroga wanga, sukari na samli bila kuacha moto upoe. Ilikuja na watu wa Omani, lakini iliki na kungumanga za hapa zimeipa harufu ambayo mimi naipenda kuliko ile ya maji ya waridi. Hii anayouza inavutika bila kunata menoni. Kata vipande vidogo, unywe na kahawa chungu. Bila kahawa utaona tamu mno.

Visheti ni vya kawaida. Ladu, yale madonge matamu ya Kihindi, sijavutiwa nazo, zilikuwa kavu. Ladu nanunua kwa Wahindi wenyewe.

Bei yake imezidi ya Darajani kidogo, na kwa mkate ule nalipa bila kunung'unika. Ukitaka vya Idi, weka oda kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, maana baadaye hapokei tena. Na nenda na sinia lako na kitambaa cha kufunikia: mkate wa moto ukitiwa kwenye mfuko wa nailoni unatoa maji, na ule uso wake uliokauka vizuri unaharibika.