Ngoma za ngozi au flashi: kikundi cha Kigoma kichezee nini mashindanoni?

Kwa gharama, flashi yenye wimbo uliorekodiwa inashinda bila ubishi. Ngoma zinataka wapigaji watatu au wanne, nao wanahitaji nauli, chakula na sare kama wachezaji.

Kwa uhakika, mambo hugeuka. Flashi huweza kugoma kwenye spika ya ukumbini, au umeme ukakatika. Beba mbili, kila moja na wimbo huo tu. Ngoma haijui umeme, ila unyevu inaujua: Kigoma msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ngozi hulegea na sauti hufa. Washa nyasi kavu, elekeza uso wa ngoma kwenye joto, si kwenye mwali, huku ukiigonga mpaka ilie. Ukiisogeza mno, ngozi hupasuka. Fanya hivyo karibu na zamu yenu. Mkiipasha asubuhi, mchana imeshalegea.

Mazoezini, flashi haibadiliki: dakika 5 ni 5. Mpigaji akipandwa na hamasa huongeza kasi, na safu ya nyuma hupotea. Lakini mchezaji akikosea, mpigaji hodari humsubiri. Spika haimsubiri mtu.

Shule yenye wiki 2 tu, flashi yatosha. Mkiwa na wapigaji mtaani na shindano ni la ngoma za asili, pigeni wenyewe.