Boga la Novemba huku Marekani: tazama kikonyo kwanza

Kila Novemba, maduka yakishashusha bei ya yale maboga makubwa ya Halloween, wasomaji hunilalamikia yaleyale: "Dada, boga la nazi limegeuka uji!" Litakosaje? Boga lile hulimwa ili lichongwe macho na meno. Ndani ni nyuzi na maji matupu. Hata ukipewa bure, liache.

Namba moja kwangu ni kabocha, lile la kijani lililojaa unga, na sitaki ubishi. Ganda lake likipikwa hulainika, unakula vyote. Ila watu hutazama rangi, hugonga-gonga, kisha kikonyo wanakiruka. Kikonyo cha boga lililokomaa kimekauka, rangi ya kaki, kina mipasuko kama kizibo cha mbao. Ukikikuta bado kibichi, chenye majimaji, ujue boga lilichumwa changa, na hata ulikalishe hadi Krismasi utamu hautakuja. Utalitia iliki, utalitia sukari, litabaki chapwa. Lililokomaa nalo lisikupe pupa. Liweke wiki mbili tatu mahali pakavu, wanga ugeuke sukari. Na kama kikonyo kimeng'oka, bonyeza pale penye kovu. Pakibonyea, rudisha: uozo huanzia hapo huku ganda likiwa linang'aa.

La pili ni butternut. Linamenyeka bila vita na ni tamu, ila lina majimaji kiasi, kwa hiyo tui liwe zito. Mimi hutumia tui la chapa ya Aroy-D na sihami. Red kuri, lile la rangi ya chungwa, lingelipiku butternut kama lingepatikana kila duka. La kopo? Kampuni ya Libby's hutumia boga liitwalo Dickinson, ambalo ni ndugu wa butternut, lakini limeshapondwa. Tengenezea keki.

Sasa hawa wauzaji. Maduka makubwa hukata kikonyo hadi kwenye ganda, kisha stika inabandikwa palepale penye kovu! Afadhali maduka ya Waasia, unachagua mwenyewe. Lakini hata huko wameanza kulikata nusu na kulifunga plastiki, na nusu hiyo bei yake inakaribia ya boga zima. Nilipouliza, nikaambiwa ndivyo wateja wanavyopenda. Wateja gani? Mbona mimi sijaulizwa?